Semi za Alama Ndani ya Visanduku: Mwongozo wa Uigaji kwa Mfano wa Rojo la Embe la Kalamba

Programu za uigaji kwa visanduku ni zile zinazomwezesha mtu kujenga modeli ya mtambo, ya mto au ya mfumo wowote unaobadilika kadiri muda unavyopita, kwa kupanga visanduku kwenye skrini ya kompyuta na kuviunganisha kwa mistari, ambapo kila kisanduku hufanya kazi moja ya hesabu na kila mstari hubeba thamani kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Miongoni mwa programu hizo, zinazojulikana sana ni Simulink ya kampuni ya MathWorks ya Marekani, ambayo hufanya kazi ndani ya MATLAB na huhitaji leseni ya kulipia, na Xcos, ambayo ni sehemu ya Scilab, programu huria iliyoanzia katika taasisi ya utafiti ya INRIA nchini Ufaransa na ambayo hupakuliwa bila malipo. Mwongozo huu unatumia Xcos kama msingi, kwa sababu mwanafunzi wa chuo cha ufundi mjini Wote au wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, Kitui, anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake bila kuomba bajeti, lakini pale ambapo Simulink inaandika jambo lilelile kwa namna nyingine, tofauti hiyo inatajwa.

Usemi wa alama ni fungu la majina, namba na opereta linaloandikwa kwa mstari mmoja ndani ya kisanduku ili kisanduku hicho kitoe thamani moja kutokana na thamani zinazoingia. Opereta ni alama inayoamuru kitendo: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kupandisha kwenye kipeo, kulinganisha au kuunganisha masharti. Faida ya usemi ni kwamba hesabu ambayo ingehitaji visanduku saba vya kujumlisha na kuzidisha, pamoja na mistari inayopishana kama nyavu, huandikwa mahali pamoja. Hasara yake ni kwamba mchoro wa visanduku huonekana kwa jicho ilhali usemi umefichwa ndani ya kisanduku kimoja, na kosa la mabano halionekani hata mchoro ukibandikwa ukutani. Kwa sababu hiyo, usemi unapaswa kuandikwa ili mtu mwingine aweze kuusoma kwa sauti na kuukagua kwa kikokotoo cha mkononi. Usemi ambao haukaguliki kwa njia hiyo haufai kuachwa kwenye modeli, hata kama programu imeukubali.

Kalamba, katika Kaunti ya Makueni, ndiko kiliko kiwanda cha serikali ya kaunti cha kusindika matunda, kilichofunguliwa mwaka 2017 wakati wa ugavana wa Kivutha Kibwana, na ambacho hununua maembe ya wakulima na kuyageuza kuwa rojo. Uwezo wake unaotajwa ni tani 5 za matunda kwa saa. Kazi ya kupasha rojo joto ili kuua vijidudu, kabla halijafungwa kwenye vyombo safi, ni mfano mzuri wa kujifunzia semi za alama, kwa kuwa ndani yake mna kugawanya, mna vipeo, mna masharti ya ndiyo na hapana, na kila kosa la hesabu lina maana kwa afya ya mnywaji. Modeli inayojengwa hapa si mchoro wa mitambo ya kiwanda hicho. Ni modeli ya mafunzo, na namba zake zimechaguliwa kwa kiasi kinacholingana na kazi ya aina hiyo.

Hatua ya kwanza ni kukiweka kisanduku chenyewe. Katika Xcos kinaitwa EXPRESSION, nacho kimo katika kundi la visanduku ambavyo kazi yake huandikwa na mtumiaji. Kikibofywa mara mbili huuliza idadi ya maingizo, yaani njia za kuingilia thamani, kisha huuliza usemi wenyewe. Maingizo hupewa majina `u1`, `u2`, `u3` na kuendelea, yasizidi manane, na mpangilio wake hufuata mpangilio wa matundu ya kisanduku kutoka juu kwenda chini. Katika Simulink kisanduku kinachofanana nacho huitwa Fcn. Hicho kina tundu moja tu la kuingilia, kwa hiyo mistari hukusanywa kwanza na kisanduku kiitwacho Mux, kisha thamani huitwa `u(1)`, `u(2)` na kuendelea. Hapa ndipo modeli nyingi huanza kuharibika: mistari miwili ikibadilishana matundu, programu haina njia ya kujua kwamba `u1` iliyokusudiwa kuwa joto sasa ni mtiririko, nayo huendelea kukokotoa kwa utulivu kabisa. Mjenzi wa modeli anashauriwa kuandika maelezo mafupi kando ya kila kisanduku cha usemi, yakitaja kila ingizo pamoja na kizio chake, kwa mfano kwamba `u1` ni joto la rojo linaloingia kwa nyuzi za Selsiasi, `u2` ni nguvu ya kupasha kwa kilowati, na `u3` ni mtiririko wa rojo kwa kilo kwa sekunde.

Tuseme kwamba katika tani 5 za matunda nusu yake inakuwa rojo, yaani kilo 2,500 kwa saa, ambazo ni kilo 0.694 kwa sekunde. Joto maalumu la rojo, yaani nishati inayohitajika kuipandisha kilo moja kwa nyuzi moja, lichukuliwe kuwa kilojuli 3.7 na lipewe jina `c`. Rojo likiingia likiwa na nyuzi 25 na likapewa nguvu ya kilowati 180, joto lake la kutoka, mambo yakiwa yametulia, hupatikana kwa usemi huu:

`u1 + u2/(u3*c)`

Kwa kikokotoo, 0.694 mara 3.7 ni 2.568, 180 ikigawanywa kwa 2.568 ni 70.1, na ikijumlishwa na 25 hupatikana nyuzi 95.1, ambazo ni joto la kawaida kwa kazi hii. Mwandishi wa haraka, akiamini kwamba kila kilicho upande wa kulia wa alama ya kugawanya kiko chini ya mstari wa sehemu, huandika `u1 + u2/u3*c`, na programu haimpingi. Lakini opereta za kuzidisha na kugawanya zina cheo kimoja, na zikifuatana hutekelezwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo 180 hugawanywa kwanza kwa 0.694, kisha jibu huzidishwa kwa 3.7, na rojo la embe hutoka likiwa na nyuzi karibu 985. Kosa la ukubwa huo hujifichua lenyewe. Balaa ni pale ambapo `c` ni namba iliyo karibu na 1, kwa sababu hapo majibu mawili hukaribiana na kosa hupita bila kuonekana.

Utaratibu wa vyeo vya opereta haupaswi kubahatishwa. Katika kisanduku cha Fcn cha Simulink, mabano hutangulia, kisha kipeo, kisha alama ya kujumlisha au kutoa inayobandikwa mbele ya namba moja, kisha alama ya kukanusha, kisha kuzidisha na kugawanya, kisha kujumlisha na kutoa, kisha ulinganisho wa ukubwa, kisha ulinganisho wa usawa, kisha kiunganishi cha "na", na mwisho kabisa kiunganishi cha "au". Xcos, kwa hesabu za kawaida, hufuata mpangilio unaofanana na huo. Msomaji aliyezoea majedwali ya Excel anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu Excel hutoa jibu 4 kwa swali la `-2^2`, ikiibandika alama ya kutoa kwenye 2 kabla ya kupandisha kipeo, ilhali Scilab na MATLAB hupandisha kipeo kwanza na kutoa -4. Fomula inayonakiliwa kutoka jedwali la mhasibu hadi kisanduku cha mhandisi inaweza kugeuka ishara yake bila mtu kugusa herufi hata moja.

Joto la kutoka halifiki nyuzi 95 papo hapo, kwa kuwa chuma cha kipasha joto na rojo lililomo ndani yake huchelewesha mabadiliko. Ucheleweshaji huo huwakilishwa kwa kuandika kasi ya mabadiliko ya joto na kuipeleka kwenye kisanduku cha integrali, ambacho ni kile kinachojumlisha kasi hatua kwa hatua ili kupata thamani yenyewe. Joto la sasa hurudishwa kwenye usemi kama ingizo la nne, na muda wa ucheleweshaji, kwa sekunde, hupewa jina `tau`:

`(u1 + u2/(u3*c) - u4)/tau`

Mabano ya nje hapa ni ya lazima, kwa sababu yasipokuwepo ni `u4` peke yake inayogawanywa kwa `tau`. Jambo la pili la kuangaliwa ni njia ya kurudi. Kwa kuwa `u4` inatoka kwenye integrali, programu huwa tayari na thamani yake mwanzoni mwa kila hatua, na mzunguko huo hauna tatizo. Lakini tokeo la usemi likirudishwa moja kwa moja kuwa ingizo la usemi uleule, bila integrali wala kisanduku cha kuchelewesha katikati, hutokea kitanzi cha kialjebra: ili kupata jibu programu inahitaji jibu hilohilo. Baadhi ya programu hujaribu kulitatua fumbo hilo kwa kukisia na kurudia, nyingine hukataa kuendelea. Anayekutana na onyo la namna hiyo asilizime onyo kwenye mipangilio. Aufuate mstari kwa kidole mpaka aone ni wapi mfumo halisi una ucheleweshaji ambao modeli imeusahau.

Majina `c` na `tau` yaliyotumika hapo juu hufafanuliwa mara moja tu, mahali panapoitwa muktadha wa mchoro, ambao katika Xcos hufunguliwa kupitia menyu ya uigaji na huandikwa kama mistari ya kawaida ya Scilab: `c = 3.7`, `tau = 40`, na kadhalika. Katika Simulink kazi hiyo hufanywa na nafasi ya kazi ya MATLAB au ya modeli yenyewe. Namba tupu ndani ya usemi ni adui wa kila anayerithi modeli, kwa maana 3.7 ikiwa imeandikwa katika visanduku vitano, atakayetaka kulibadilisha joto maalumu kwa sababu rojo limekuwa zito zaidi atabadilisha vinne na kusahau cha tano. Kanuni inayofaa ni kwamba namba pekee zinazoruhusiwa kubaki wazi ndani ya usemi ni zile ambazo hazitabadilika kamwe, kama 60 ya sekunde katika dakika au 2 ya kipeo cha pili.

Sehemu nyeti kuliko zote ni hesabu ya uuaji wa vijidudu. Joto la juu huua haraka na joto la chini huua polepole, na wahandisi wa chakula huupima uhusiano huo kwa kulinganisha kila joto na joto moja la rejea. Kwa vyakula vyenye asidi, likiwemo tunda la embe linaposindikwa kuwa rojo, rejea inayotumika mara nyingi ni nyuzi 93.3, na hatua ya nyuzi 8.9, inayoitwa thamani ya z, ndiyo inayoongeza kasi ya uuaji mara kumi. Ikiwa `Tr` ni joto la rejea na `z` ni hatua hiyo, kasi ya uuaji kwa joto `u1` huandikwa hivi:

`10^((u1-Tr)/z)`

Kwa nyuzi 93.3 jibu ni 1 kamili, na hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kuukagua usemi huu, kwa kuwa kila kipeo cha sifuri hutoa 1 na hakuna haja ya kikokotoo. Kwa nyuzi 95 jibu ni 1.55, yaani kila dakika kwenye joto hilo ni sawa na dakika moja na nusu na kidogo kwenye joto la rejea. Kwa nyuzi 90 jibu ni 0.43. Sasa jozi moja ya mabano iondolewe, usemi usomeke `10^(u1-Tr)/z`. Kipeo kina cheo cha juu kuliko kugawanya, kwa hiyo 10 hupandishwa kwa tofauti nzima ya joto, kisha jibu hugawanywa kwa 8.9. Kwa nyuzi 93.3 jibu huwa 0.11 badala ya 1. Kwa nyuzi 95 huwa 5.63, zaidi ya mara tatu na nusu ya ukweli. Kwa nyuzi 90 huwa karibu 0.00006, kana kwamba joto hilo haliui chochote. Modeli yenye kosa hilo humwambia fundi kwamba kuongeza nyuzi mbili tu juu ya rejea kunatosha kulifupisha bomba la kushikilia joto kwa zaidi ya nusu, na fundi akiliamini, vijidudu vilivyopaswa kufa vitasafiri hadi sokoni ndani ya pipa lililofungwa vizuri. Ndiyo maana kosa la mabano mahali hapa haliwezi kuitwa kosa dogo la uandishi.

Jumla ya uuaji hupatikana kwa kuipeleka kasi hiyo kwenye integrali, na hapo vizio hudai haki yake. Saa ya uigaji kwa kawaida huhesabiwa kwa sekunde, ilhali jumla ya uuaji katika vitabu vya usindikaji wa chakula huandikwa kwa dakika, kwa hiyo usemi unaoingia kwenye integrali unapaswa kuwa `10^((u1-Tr)/z)/60`. Rojo likikaa sekunde 30 kwenye bomba la kushikilia likiwa na nyuzi 95, jibu sahihi ni dakika 0.78, ilhali asiyegawanya kwa 60 hupata 46.6 na huenda akajipongeza.

Katika familia hiyohiyo ya vipeo kuna mtego wa logi. Katika Scilab na MATLAB, `log` ni logi ya asili, ile inayotumia namba 2.718 kama msingi, na logi ya msingi wa kumi huandikwa `log10`. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya, ambaye kwenye kikokotoo chake kitufe cha "log" humaanisha msingi wa kumi, huandika `log(u1)` kwa nia njema na kupata jibu lililozidi kwa mara 2.303. Vilevile `sin` na `cos` hutaka pembe ipimwe kwa radiani.

Opereta za ulinganisho, yaani `>`, `<`, `>=`, `<=`, `==` na ile ya kutokuwa sawa, ambayo Xcos huiandika `~=` na Fcn ya Simulink huiandika `!=`, hutoa jibu la namba: 1 kwa kweli na 0 kwa uongo. Kwa kuwa jibu ni namba, linaweza kuzidishwa, na hili ndilo linaloupa usemi nguvu ya kufanya uamuzi bila kisanduku cha swichi. Katika kupasha rojo, valvu ya usalama hulirudisha nyuma rojo lolote ambalo halijafika joto linalotakiwa, ambalo hapa linapewa jina `Tv`. Joto likiwa `u1` na mtiririko ukiwa `u2`, kiasi kinachosonga mbele huandikwa `(u1>=Tv)*u2`, na kinachorudishwa huandikwa `(u1<Tv)*u2`. Masharti haya mawili hukamilishana: joto lolote litakaloingia, moja ni kweli na la pili ni uongo, na jumla ya mitiririko miwili daima ni `u2`. Aliyeandika `>` upande mmoja na `<` upande wa pili ameacha tundu, kwani joto likiwa sawasawa na `Tv` rojo lote hutoweka kwenye modeli. Ni vizuri kukiweka kisanduku cha kujumlisha kinachokagua kwamba kilichoingia kinalingana na kilichotoka, hata kama kinaonekana cha ziada.

Kutaka kuandika kwamba joto liko kati ya 90 na 95 kwa namna ya vitabu vya hesabu, `90<u1<95`, ni kosa lenye sura ya usahihi. Programu hutekeleza kushoto kwanza: `90<u1` hutoa 1 au 0, kisha 1 au 0 hiyo hulinganishwa na 95, na zote mbili ni ndogo kuliko 95, hivyo jibu ni kweli daima, hata rojo likiwa baridi kama maji ya kisima. Njia sahihi ni masharti mawili yanayounganishwa: `(u1>90)&(u1<95)` kwa Xcos, na `&&` badala ya `&` kwa Fcn. Usawa nao, `==`, haufai kutumiwa kwa thamani zinazotoka kwenye integrali, kwa kuwa kompyuta huhifadhi namba zenye desimali kwa ukaribu tu, na joto linaweza kuruka kutoka 92.9999 hadi 93.0002 bila kupita 93 kamili.

Viunganishi vya masharti vinaeleweka vizuri zaidi nje ya kiwanda, kwenye mito ya msimu. Ukambani, kuanzia Machakos hadi Kitui na Makueni, watu wamejenga mabwawa ya mchanga kwa miongo mingi; mengine ni ya enzi za ukoloni, na baadaye kazi hiyo iliendelezwa na vikundi vya wanakijiji pamoja na mashirika kama SASOL kule Kitui. Ukuta wa zege hujengwa kukingama mto, mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga ambapo jua haliyafikii kwa urahisi. Kando yake huchimbwa kisima na kuwekwa pampu. Tuseme `u1` ni kina cha maji kisimani kwa mita, `u2` ni nguvu ya jua kwa wati kwa mita mraba, na `u3` ni swichi ya jenereta, 1 ikiwa imewashwa. Sharti la pampu kufanya kazi likiandikwa

`u1>1 & u2>300 | u3==1`

kiunganishi cha "na" hutangulia kile cha "au", na usemi husomeka kwamba pampu ifanye kazi ikiwa kuna maji na jua, au ikiwa jenereta imewashwa, maji yawepo yasiwepo. Pampu ya modeli hii itazunguka kavu mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, na pampu halisi inayotii mantiki hiyo itaungua. Usemi uliokusudiwa ni `(u1>1)&((u2>300)|(u3>0.5))`. Mabano yake ni mengi kuliko yale ambayo programu inayadai, na hilo ni jema: mabano ya ziada hayapunguzi kasi ya uigaji, nayo humwokoa msomaji kukumbuka jedwali la vyeo.

Bwawa hilohilo linafundisha jambo jingine kuhusu mikato ya ghafla. Maji yakiwa karibu na uso wa mchanga huvukizwa, lakini yakishuka chini ya takriban sentimita 60 uvukizi hupungua mno. Mtu anaweza kuandika `e0*(u1<0.6)`, ambapo `u1` ni kina cha maji kutoka juu ya mchanga na `e0` ni uvukizi wa uso ulio wazi, lakini hapo uvukizi huanguka kutoka kiwango chote hadi sifuri kwa hatua moja, jambo ambalo mchanga haulifanyi, na programu hulazimika kupunguza hatua zake za muda ikitafuta mahali penye mkato. Usemi `e0*max(0, 1-u1/0.6)` hushuka taratibu na kufika sifuri palepale pa sentimita 60, na ni wa kweli zaidi kwa maumbile. Pale ambapo mkato ni wa kweli, kama valvu inayofunga, kisanduku cha EXPRESSION kina chaguo la kugundua kuvuka sifuri, ambalo huiagiza programu iutafute wakati halisi ambapo sharti linageuka. Chaguo hilo liachwe limewashwa.

Usemi hauna kumbukumbu. Hujibu kwa thamani za papo hapo tu, hivyo valvu iliyoandikwa kwa `(u1>=Tv)` itafunguka na kufungika mara nyingi kwa sekunde joto likicheza karibu na `Tv`. Mtambo halisi hufungua kwa joto moja na kufunga kwa joto la chini kidogo, na tabia hiyo, inayohitaji kukumbuka hali iliyopita, hutengenezwa kwa kisanduku cha rilei. Kujaribu kuilazimisha ndani ya usemi kwa mabano juu ya mabano ni kupoteza muda, na mara nyingi huzaa kile kitanzi cha kialjebra kilichokwisha kuelezwa.

Mgawanyo kwa sifuri nao hutokea pale mtiririko unaposimama. Katika usemi wa kwanza, pampu ikizimwa `u3` huwa sifuri, na kulingana na programu uigaji husimama kwa kosa au hutoa thamani isiyo na kikomo inayochafua kila kisanduku kinachofuata. Kuandika `u1 + u2/(max(u3,0.01)*c)` huzuia ajali ya hesabu, lakini humaanisha kwamba kipasha joto kinaendelea kuchoma rojo lililotuama, kwa hiyo mjenzi makini huzuia pia nguvu yenyewe, kwa `u2*(u3>0.05)`, kama ambavyo mtambo wenye kinga ungefanya.

Ukubwa wa namba pia una athari. Bwawa la Thwake, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, limesanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688, na modeli inayobeba namba hiyo kwa mita za ujazo pamoja na joto la nyuzi 95 kwenye mchoro mmoja huisumbua programu katika kuamua ni kosa la ukubwa gani livumiliwe. Ujazo wa namna hiyo uandikwe kwa mamilioni ya mita za ujazo, na kizio hicho kitajwe kando ya kisanduku.

Mara nyingi modeli ikisharidhisha, usemi wake hunakiliwa kwenye kidhibiti kidogo cha kielektroniki kinachoandikiwa programu kwa lugha ya C, mathalani kwenye bodi ya Arduino inayopima joto la bomba. Hapo alama `^` hubadilika maana: katika C haipandishi kipeo bali hulinganisha biti za namba mbili, na `10^2` hutoa 8. Usemi wa uuaji huandikwa upya kuwa `pow(10.0, (T-Tr)/z)`, ambapo `T` ni joto linalopimwa, na `Tr` na `z` hutangazwa kuwa namba za desimali, kwa sababu namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima katika C hupoteza desimali zake, na joto la 95 dhidi ya rejea ya 93 kwa hatua ya 9 litatoa kipeo cha sifuri na kasi ya 1 badala ya 1.67. Kabla ya kidhibiti kuunganishwa na valvu yoyote, thamani tatu, za nyuzi 90, 93.3 na 95, hupitishwa kwenye kisanduku cha Xcos na kwenye kidhibiti, na majibu yote mawili huwekwa kando ya yale ya kikokotoo: 0.43, 1 na 1.55.